Hema ya Kukutania: kabla hujahubiri rangi za pazia, piga kwanza hesabu ya mbao

Kitabu cha Kutoka kina sehemu ambayo wasomaji wengi wa Biblia wanairuka na wala hawaoni aibu. Mpaka sura ya 24 stori inaenda vizuri tu, kuna mapigo, kuna bahari imepasuka, kuna mlima unatoa moshi, halafu ghafla sura ya 25 unaanza kusomewa dhiraa, vitanzi, vifungo, ndimi za mbao, mataruma yaani fito za kushikanisha mbao, na inaendelea hivyo hivyo mpaka sura ya 31. Ya 32 anatokea ndama wa dhahabu watu wanaamka tena, kisha kuanzia 35 mpaka 40 yale yale yanarudiwa karibu neno kwa neno, tofauti ni kwamba mwanzo Musa anaambiwa fanya na safari hii mafundi wanafanya. Ukijumlisha ni sura 13 kwa ajili ya hema moja, hema ya ibada ya Waisraeli walipokuwa jangwani, wakati uumbaji wa mbingu na nchi umepewa sura mbili. Mwandishi wa zama zile hakuwa na ngozi za kuandikia za kuchezea. Alijaza sura zote hizo kwa sababu kuna kitu alitaka tukione, na kwa maoni yangu kitu chenyewe kimekaa humo humo kwenye vipimo tunavyoviruka, sio kwenye maana za siri ambazo kila mhubiri anakuja na zake.

Kabla ya vipimo tuondoe mkanganyiko mmoja. Kwenye Kutoka kuna hema mbili na zote zinaitwa hema ya kukutania. Moja ni ile ya sura ya 33, Musa aliipiga nje ya kambi, mbali, mtu akiwa na shida na Bwana anaenda huko, na Yoshua akiwa kijana alikuwa habanduki pale. Hiyo haina dhahabu wala makerubi, wale viumbe wa mbinguni wenye mabawa. Ya pili ndiyo maskani, hii tunayoiongelea, na hii imesimama katikati ya kambi, makabila matatu kila upande: mashariki Yuda, Isakari na Zabuloni, kusini Reubeni, Simeoni na Gadi, magharibi Efraimu, Manase na Benyamini, kaskazini Dani, Asheri na Naftali. Katikati ya makabila na hema wanakaa Walawi, kabila la kuhudumia hema, kama ukuta. Ukizichanganya hizi mbili utashindwa kuelewa kwa nini sehemu moja mtu anatoka tu kwenda kumtafuta Mungu na sehemu nyingine akisogea ovyo anakufa.

Sasa ramani yenyewe. Dhiraa moja ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, tuseme sentimita 45 hivi. Ua ulikuwa dhiraa 100 kwa 50, yaani kama mita 45 kwa 22 na nusu, umezungushiwa chandarua cha kitani kwenye nguzo 60, kimo chake dhiraa 5 tu, mita mbili na kidogo. Mtu aliyesimama nje haoni kinachoendelea uani lakini juu ya chandarua anaona hema lenyewe, kwa sababu hema lilikuwa na kimo cha dhiraa 10. Mlango ni mmoja, upande wa mashariki, upana dhiraa 20. Ndani ya ua unakutana kwanza na madhabahu ya shaba ya kuteketezea sadaka, dhiraa 5 kwa 5 na kimo 3, halafu birika la kunawia, halafu hema. Hilo birika halikupewa vipimo kabisa, ila Kutoka 38:8 inasema lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Vioo vya zamani vilikuwa shaba iliyosuguliwa ikang'aa, na akina mama wakavitoa vikayeyushwa.

Hema lenyewe ni mbao 48 za mti wa mshita zilizofunikwa dhahabu, 20 kusini, 20 kaskazini, 8 nyuma magharibi. Kila ubao urefu dhiraa 10 na upana dhiraa moja na nusu. Ishirini mara moja na nusu ni 30, basi urefu wa hema ni dhiraa 30. Upana kwa kawaida unahesabiwa 10, kwa sababu mbili kati ya zile 8 za nyuma ni za pembe. Mshita, kwa wasioujua, ni ndugu wa migunga yetu ya nyika, na ndio mti wa maana unaoota jangwa la Sinai, kwa hiyo waliagizwa kutumia mbao ambayo kweli ilikuwepo pale.

Hapa ndipo inaanza kunoga, chukua kalamu. Pazia la ndani kabisa, lile la kitani lililofumwa makerubi kwa nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu, lilikuwa vipande 10, kila kimoja urefu dhiraa 28 na upana 4. Vipande vinaungwa vitano vitano unapata mashuka mawili makubwa, halafu mashuka hayo yanakutanishwa kwa vitanzi 50 huku na 50 kule na vifungo 50 vya dhahabu. Upana 4 mara 10 ni 40. Hema lina urefu 30 na kimo 10, kwa hiyo shuka likianzia mlangoni linapita juu dhiraa 30 linashuka nyuma dhiraa 10 linagusa chini, imeisha 40 kamili. Yale maungio ya vifungo vya dhahabu yapo katikati, maana yake yapo dhiraa ya 20 kutoka mlangoni. Halafu Kutoka 26:33 inaagiza pazia la kutenga vyumba litundikwe chini ya vifungo. Umeona? Hakuna mstari hata mmoja pale Kutoka unaosema chumba cha kwanza kilikuwa dhiraa 20 na cha pili 10, lakini ukipiga hesabu ya mapazia unapata jibu, chumba cha nje 20 kwa 10 na cha ndani 10 kwa 10 kwa kimo 10, pande zote sawa. Mwandishi alijua anachofanya, alichoandika ni maelekezo ya fundi na msomaji anatakiwa ajenge kichwani.

Na ukiangalia upana utaona kitu kingine. Shuka la kitani lina dhiraa 28, wakati kupanda ukuta mmoja 10, kuvuka juu 10 na kushuka 10 inahitaji 30. Limepungua dhiraa moja kila upande, halifiki chini. Sio kosa, kwa sababu pazia la pili la singa za mbuzi lilikuwa vipande 11 vya dhiraa 30, hilo ndilo linafika chini na kulinda la thamani lisichafuke, na kipande cha ziada kinakunjwa mbele. Vifungo vyake vya shaba, sio dhahabu, maana yeye yupo nje. Kitambaa cha singa za mbuzi ndicho Mabedui wametumia kwa mahema yao mpaka zama hizi, kikilowa nyuzi zinavimba zinabana maji hayapiti. Juu yake ngozi za kondoo waume zilizotiwa rangi nyekundu, na juu kabisa ngozi ambazo Biblia ya Union imeziita za pomboo, hapo watafsiri wanabishana sana na mimi napita. Matokeo ni kwamba kwa nje lilikuwa hema la ngozi la kawaida tu, uzuri wote umegeukia ndani, na makerubi yale ya kufumwa walioyaona ni makuhani peke yao.

Tuje kwenye fedha, yaani madini yenyewe, kwa sababu kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote na sijui kwa nini haihubiriwi. Kila ubao ulisimama kwa ndimi mbili kwenye vitako viwili vya fedha. Mbao 48 mara mbili ni vitako 96, ongeza vinne vya nguzo za pazia la ndani, jumla 100. Kutoka 38:27 inasema talanta 100 kwa vitako 100, talanta moja kila kitako, na talanta ni kilo 34 hivi. Fedha hiyo ilitoka wapi? Haikutoka kwenye michango ya hiari. Ilitoka kwenye hesabu ya watu, kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli, na Kutoka 30:15 inasisitiza tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Waliohesabiwa ni 603,550. Gawa kwa mbili unapata shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo hizo ni talanta 100 na chenji ya shekeli 1,775, na ndivyo ilivyoandikwa hasa, na ile chenji wamesema imetengenezea kulabu za nguzo na kufunika vichwa vyake. Hesabu imefungwa mpaka shekeli ya mwisho. Wasomi wanabishana kuhusu ukubwa wa ile idadi ya watu, jangwa la Sinai lingewalishaje, sawa, lakini ona mwandishi anachosema: dhahabu iliyoko juu ilitoka kwa aliyejisikia kutoa, msingi ulioshika chini ni nusu shekeli ya kila mtu, mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku wamelala pale chini sawasawa.

Michango ya hiari nayo ina kichekesho chake. Kutoka 36 mafundi wanaenda kumwambia Musa watu wanaleta kupita kiasi, Musa anapitisha tangazo kambini mtu asilete tena kitu. Harambee ya kanisa ambayo viongozi wanasimama kuwaambia watu jamani acheni kutoa, mimi sijawahi kuisikia mahali pengine. Jumla ya dhahabu iliyoandikwa ni talanta 29 na shekeli 730, kama tani moja, fedha ni tani tatu na kitu, shaba mbili na nusu hivi. Kazi ilisimamiwa na Bezaleli mwana wa Uri wa kabila la Yuda, na msaidizi wake Oholiabu wa kabila la Dani, na hao sio makuhani, ni mafundi, na Bezaleli anatajwa kujazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono.

Ukishaelewa jengo, mfumo wake wa maana unajionyesha wenyewe. Uani vitako vya nguzo ni shaba, chini ya mbao za hema ni fedha, na vyombo vya ndani vyote ni dhahabu. Vitambaa vivyo hivyo, uzio wa ua ni kitani tupu, pazia la mlango lina rangi za kutarizi, na ndani kuna ufumaji wa fundi stadi wenye makerubi. Watu pia: Mwisraeli wa kawaida anaingia uani na mnyama wake, kuhani anaingia chumba cha kwanza, kuhani mkuu peke yake anaingia chumba cha ndani na ni siku moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Kila hatua unayopiga kuelekea magharibi, thamani inapanda na idadi ya wanaoruhusiwa inapungua. Na chini ya yote hayo hakuna sakafu iliyojengwa, ni ardhi tupu. Hesabu 5:17 kuhani anaambiwa achote vumbi lililo katika sakafu ya maskani. Dhahabu ya tani nzima na miguu iko kwenye mchanga.

Vyombo vya chumba cha kwanza nitavipitia haraka. Kulia ukiingia, yaani kaskazini, meza yenye mikate 12 inayobadilishwa kila Sabato. Kushoto kinara cha taa saba, dhahabu safi talanta moja iliyofuliwa kwa nyundo ikiwa kipande kimoja, na kimepambwa maua ya mlozi, chenyewe ndio mwanga pekee humo ndani kwa sababu hakuna dirisha. Mbele karibu na pazia, madhabahu ndogo ya uvumba. Hakuna kiti hata kimoja, kuhani kazi yake ni ya kusimama, na mwandishi wa Waebrania 10:11 amelishika jambo hilo akalijengea hoja.

Chumba cha ndani kina kitu kimoja, sanduku la agano. Ni dogo kuliko watu wanavyofikiri, urefu sentimita 112, upana na kimo kama 67, mbao za mshita zimefunikwa dhahabu ndani na nje, ndani yake mbao mbili za mawe. Juu kiti cha rehema, yaani kifuniko chake, cha dhahabu safi na makerubi mawili yametazamana, mabawa yametandazwa. Sasa fikiria majirani zao. Misri, Kanaani, Babeli, ukipita vyumba vyote vya hekalu ukafika cha mwisho unamkuta mungu mwenyewe, sanamu, anavalishwa, anawekewa chakula. Hapa unafika chumba cha mwisho, giza, na kati ya makerubi hakuna kitu. 1 Mambo ya Nyakati 28:2 inaliita sanduku mahali pa kuwekea miguu ya Mungu, kwa hiyo ni kiti cha enzi ambacho aliyekikalia haonekani, na chini ya miguu yake kuna mkataba. Halafu kumbuka mpangilio wa kitabu, katikati ya maelekezo ya hema na ujenzi wake kumewekwa ndama wa dhahabu. Watu walewale, dhahabu ileile ya kutoka Misri, mara ya kwanza wakatengeneza kitu cha kuangalia, mara ya pili wakatengeneza nafasi. Kutoka 25:8 imesema shabaha tangu mwanzo: "Nao na wanifanyie patakatifu, ili nipate kukaa kati yao."

Hapa lazima niguse ile hadithi ya kamba, maana imehubiriwa mpaka watu wanaapa ipo kwenye Biblia. Kwamba kuhani mkuu alikuwa anafungwa kamba mguuni, ana kengele kwenye vazi, kengele zikinyamaza wenzake wanajua amekufa wanamvuta nje. Kamba haipo popote kwenye Biblia, inajitokeza kwenye maandishi ya Kiyahudi ya zama za kati, ndani ya Zohar iliyotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Kengele zipo kweli, Kutoka 28, za dhahabu zikipishana na makomamanga kwenye pindo la joho. Lakini soma Walawi 16:4, siku ile moja anayoingia chumba cha ndani kuhani mkuu anavua mavazi yake ya fahari na kuvaa kitani tupu, kanzu, suruali, mshipi na kilemba. Joho la kengele limebaki pembeni. Na hilo lina uzito kuliko kamba, kwamba siku anayosogea karibu kabisa anaingia amevaa kama mtu mdogo kuliko siku zote.

Kitu kingine tunachosahau ni kwamba hili lote lilikuwa la kuhama. Miti ya kubebea sanduku ilikatazwa kabisa kuchomolewa, Kutoka 25:15, hata likiwa limetulia. Kambi ikivunjwa, Haruni na wanawe wanaingia kwanza wanafunika vyombo, pazia lenyewe la kutenga ndilo linafunika sanduku, ndipo wana wa Kohathi wanakuja kubeba mabegani bila kugusa. Wana wa Gershoni wanachukua mapazia kwa magari mawili na ng'ombe wanne. Wana wa Merari wanachukua mbao, mataruma, nguzo na vitako kwa magari manne na ng'ombe wanane, hiyo ni Hesabu 7. Kwa hiyo hao Wamerari zile tani tatu na kitu za vitako ni zao, na mbao juu yake. Na hapo linazuka swali zuri la kiufundi, je zile mbao 48 zilikuwa mbao nene? Kuna marabi wa kale, walimu wa Kiyahudi, waliosema unene wake ulikuwa dhiraa moja. Piga hesabu, ubao wa mita nne na nusu, upana sentimita 67, unene 45, huo ni zaidi ya tani moja, mara 48 ni tani 50 na ushee juu ya magari manne ya ng'ombe mchangani. Haiwezekani. Ndiyo maana wasomi wengi wanaona kilichoandikwa pale ni fremu, kama mlango ambao haujawekwa kioo, miimo miwili na vipande vya kuunga, na ndimi mbili chini ni miguu ya ile miimo. Mimi naikubali hoja hii kwa sababu ya pili pia: mbao zingekuwa nzima zingeziba yale mapazia ya makerubi pembeni kote, yangeonekana juu tu, lakini kama ni fremu basi kuhani akisimama ndani anazungukwa na makerubi kila upande kati ya miimo ya dhahabu.

Rangi sasa. Utasikia samawi ni mbinguni, nyekundu ni damu, zambarau ni ufalme. Kutoka yenyewe haijafafanua hata moja. Tabia hii ni ya zamani, Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, alishasema rangi nne ni nchi, bahari, hewa na moto, kwa hiyo wahubiri wetu wana babu wa kuheshimika, ila ukweli wake ni kwamba kila mtu anapata anachokitafuta. Kilicho hakika ni gharama. Samawi na zambarau zilitoka kwenye konokono wa bahari ya Mediterania, na mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alikamua konokono 12,000 akapata gramu 1.4 ya rangi. Nyekundu ilitoka kwa wadudu wadogo wanaokaa kwenye miti ya mwaloni. Msomaji wa zamani hakuhitaji kufumbuliwa mafumbo, alikuwa anajua bei.

Maana ambazo naziona zina mashiko ni zile zilizojengwa kwenye maandishi yenyewe. Hesabu mara ambazo sura 25 mpaka 31 zinasema Bwana akanena na Musa, utapata saba, na ya saba, Kutoka 31:12, ni kuhusu Sabato. Mwishoni kazi inakwisha, Musa anaiangalia, anabariki. Ni lugha ya Mwanzo 1 na 2 hiyo. Mlango uko mashariki na makerubi wanalinda ndani, kama bustani ya Edeni ambayo makerubi waliwekwa mashariki yake. Kwa hiyo hema ni dunia ndogo iliyopangwa vizuri, mahali ambapo mtu anarudi kidogo kidogo alikofukuzwa. Na marabi walipotaka kujua kazi gani zimekatazwa Sabato waliangalia kazi zilizohitajika kujenga hema, kusuka, kutia rangi, kuchuna ngozi, kuwasha moto, wakapata 39, na Myahudi anayeshika Sabato leo bado anafuata orodha hiyo. Wakristo wao wanapitia Waebrania 8 mpaka 10, Kristo kuhani mkuu aliyeingia mara moja tu, na pazia la hekalu lililopasuka Mathayo 27:51. Kwetu Afrika Mashariki wanaolifundisha hema kwa undani zaidi pengine ni Wasabato, kwa sababu mafundisho yao ya patakatifu pa mbinguni na mwaka 1844, ambao wanaamini Kristo alianza huko kazi ya chumba cha ndani, yamesimama hapo. Ukubaliane nao au usikubaliane, angalau vitako wanavijua.

Je, lilikuwepo kweli? Hakuna kipande chake kilichochimbuliwa, na kitambaa na mbao jangwani hatungetegemea sana kupata. Mwaka 1878 Mjerumani Julius Wellhausen alidai hema ni hekalu la Yerusalemu lililorudishwa nyuma kwenye hadithi na makuhani wa baadaye. Hoja yake ilitawala miaka mingi. Waliompinga walionyesha Misri. Michoro ya Abu Simbel ya vita vya Kadeshi, mwaka 1274 KK, inaonyesha kambi ya Ramesses II ya mstatili na katikati hema la mfalme lenye vyumba viwili, cha nje kirefu na cha ndani mraba, na humo jina la mfalme limekingwa na mabawa ya ndege. Kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa mwaka 1922 lilikuwa na masanduku ya mbao yaliyofunikwa dhahabu, moja lina miti ya kubebea. Na kule Timna, kwenye migodi ya shaba kaskazini mwa Eilat, kusini mwa Israeli, mwaka 1969 Beno Rothenberg alichimba hekalu dogo la Wamisri ambalo Wamidiani walikuja kulifunika hema, akakuta mabaki ya kitambaa chekundu na cha njano kimejikunja pembeni mwa kuta, na nyoka wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu. Hayo hayathibitishi Musa, lakini yanaua hoja kwamba hema la ibada jangwani ni wazo la watu wa mjini tu. Mimi nasimama katikati, naona kumbukumbu ya zamani kweli iliyoandikwa na kupigwa pasi na makuhani wa baadaye waliopenda sana hesabu.

Baada ya jangwa maskani ilipigwa Shilo, Yoshua 18:1, baadaye tunaisikia Gibeoni, na Sulemani akapandisha hema na vyombo vyake Yerusalemu, 1 Wafalme 8:4. Hekalu lake lilikuwa dhiraa 60 kwa 20, na chumba cha ndani 20 kwa 20 kwa 20, yaani ramani ya jangwani imekuzwa mara mbili kwa mawe na mierezi. Wababeli walilichoma mwaka 586 KK, na kwenye orodha ndefu ya vitu walivyobeba sanduku halimo. Waethiopia wanasema wanajua liliko, Aksum, na mlinzi wake ni mtawa mmoja tu. Hilo siwezi kulithibitisha. Ila makanisa ya Orthodox ya Ethiopia kila mtu anaweza kwenda kuyaona, yamegawanywa sehemu tatu, ya ndani kabisa wanaingia makuhani na humo kunakaa tabot, mfano wa zile mbao za agano. Kila Januari 19, au 20 kwenye mwaka mrefu, sikukuu ya Timkat, tabot inakuwa imeshatolewa tangu jana yake ikiwa imeviringishwa vitambaa ili isionekane, kuhani ameibeba kichwani, na usiku wake hailali kanisani. Wanaipigia hema karibu na maji.